Kufunga boti ndogo kwenye mifereji: ukikuta nafasi tupu, jiulize kwa nini iko tupu

Mwendopole (mleta uzi)

Wakuu, habari za majini.

Kila kiangazi kikikaribia naona swali lile lile: "Nikiwa safarini kwenye mfereji, usiku nitaifunga wapi boti?" Watu wanapanga safari kwa kuhesabu maili na malango ya maji (vile vyumba vya kupandisha na kushusha boti), wanasahau kwamba kila jioni chombo lazima kipate pa kulala. Naweka hapa ninavyofanya mimi, wajuvi waongeze au wanipinge. Nazungumzia zaidi mifereji ya Uingereza na Wales. Waliozoea Ufaransa na Uholanzi wasikae kimya.

Tuanze na saa. Mwendo wa juu kwenye mifereji hii ni maili 4 kwa saa, yaani kilometa 6 na ushee, na ukipita boti zilizofungwa unapunguza zaidi. Kwa hiyo ukikosa nafasi saa kumi na moja jioni, inayofuata inaweza kuwa saa nzima mbele, na malango mawili matatu katikati. Mimi saa nane mchana nimeshaanza kutafuta. Waliolala huondoka asubuhi, kwa hiyo adhuhuri mapengo yapo, na kufikia saa kumi yamezibwa. Kama unataka kulala karibu na mji unaopendwa na wageni, fika mchana, funga, kisha jioni yako itembee kwa miguu.

Kuhusu ruhusa: mifereji mingi ya huko iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililopokea kazi ya British Waterways mwaka 2012. Linasimamia karibu maili 2,000 za mifereji na mito. Kwa kawaida mwenye leseni anaruhusiwa kufunga upande wa njia ya ukingoni, ile waliyokuwa wakipita farasi wakivuta boti za mizigo, hadi siku 14, isipokuwa kibao kiseme vingine. Sehemu za wageni zina vibao vyake: saa 24, saa 48, siku 7. Ng'ambo ya pili mara nyingi ni mali ya mtu, usiguse bila kuuliza.

Sasa kiini cha uzi. Unapita mahali palipojaa boti, ghafla unakuta ukingo mtupu wa mita 20. Usishangilie kwanza. Mbele yako wamepita wengi wenye macho kama yako na wote wamepaacha. Pengine ni kigati cha kusubiria lango, na hapo hukai ila unapolitumia lango. Pengine ni kwenye bomba la maji. Pengine ng'ambo mfereji umechongwa kwa ndani ili boti ndefu zigeukie: zinaingiza omo (mbele ya boti) mle na tezi (nyuma yake) inafagia upande wako, kwa hiyo ukifunga hapo umewafungia watu mlango. Kona kali na mdomo wa daraja ni vivyo hivyo, hata bila kibao.

Ila kuna sababu mbili ambazo kwako wewe mwenye boti ndogo ni neema. Ya kwanza, pengo ni fupi mno kwa zile boti nyembamba za chuma zenye mita 15 hadi 20. Ya pili, kina hakiwatoshi. Boti ya chuma inazama majini sentimita 60 au zaidi, wakati boti ndogo ya faiba nyingi zinaridhika na 40 au 50. Jibu la "kwa nini iko tupu" likiwa mojawapo ya hayo, basi hiyo nafasi ni yako.

Namna ya kujua: ingia taratibu sana, omo mbele kwa mshazari, na mtu mmoja awe na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Usipime omoni peke yake, kwa sababu pangaboi na usukani viko tezini, na tezi ndiyo huwa inakwama. Choma upondo upande wa nyuma. Ukizama laini na kutoka na tope jeusi, ni tope tu, boti italala juu yake bila neno. Ukigonga na mkono ukasikia mtikisiko mkavu, hilo ni jiwe au tofali au toroli ya dukani iliyotupwa, ondoka. Na ukirudisha injini nyuma ukaona maji yanageuka kahawia nzito mara moja, kina kimekwisha.

Karibuni.

Kigingi

Mleta mada umeanza vizuri. Naongeza upande wa ukingo wenyewe, maana nafasi ni nafasi ukiwa na kitu cha kufungia.

Raha kubwa ni pete za chuma zilizojengewa ukingoni. Zungusha kamba kwenye pete na uirudishe botini, ili kuondoka ufungulie ukiwa ndani badala ya kuruka nchi kavu na chombo kinatembea.

Kuna kingo za ukuta wa chuma wenye mikunjo, na kwa nyuma una upau wa mlalo. Hapo vigingi vya nini? Nunua kulabu zile za kupenyeza nyuma ya upau. Zinaingia kwa sekunde, hazing'oki na hazikwami kwenye tope. Mtu anayesafiri bila kulabu anaacha nusu ya nafasi nzuri za mfereji.

Palipobaki ni udongo, vigingi na nyundo. Pigilia kwa mshazari, kichwa kikielekea mbali na boti. Udongo ukiwa laini, pigilia viwili vikikatana kama herufi X na upitishe kamba kwenye makutano. Viweke karibu na maji, kamba isikatishe njia ya watu, na funika kila kichwa kwa kitu cheupe. Chupa tupu ya plastiki inatosha. Njia ile ina wapita kwa miguu na waendesha baiskeli hadi usiku.

MgeniMajini

Shikamooni wakubwa. Nimeweka kambi hapa. Nimekodi boti ndogo kwa mara ya kwanza. Wenye boti wamenionyesha kamba ya katikati, wakasema ndiyo ya kusimamishia. Inatosha kulalia hiyo moja?

Bi Upondo

Marahaba mwanangu. Kamba ya katikati ni ya kusimamishia tu, hapo walikwambia kweli. Unashuka nayo, unaizungusha mara moja kwenye pete au kigingi, boti inatulia, unapata nafasi ya kufunga omo na tezi. Kulala nayo peke yake, hapana. Inafungwa juu ya paa au kwenye ubavu, kwa hiyo boti nyingine ikipita au maji yakishuka, inakuinamisha upande. Vikombe vyako vitashuka kabatini vyenyewe.

Kamba ya omo ielekee mbele na ya tezi ielekee nyuma, kila moja kwa mshazari. Boti inayopita inavuta maji: kwanza chombo chako kinasukumwa, halafu kinavutwa kinyume. Kamba zikiwa fupi na zimenyooka kwenda ukingoni, mvuto wote unaishia kwenye kigingi, na kigingi kinatoka. Ukiwa mahali penye boti nyingi zinazopita, ongeza kamba ya tatu inayotoka tezini kwenda mbele, au omoni kurudi nyuma. Ndiyo inayozuia boti isitembee mbele na nyuma usiku kucha. Boti yako ni nyepesi, inarushwa kuliko za chuma. Usipuuze hiyo kamba ya tatu.

Ngamani

Mwendopole umesema tope ni salama na jiwe ni la kuondokea. Kuna la tatu ambalo upondo unaweza kulikosa: kingo yenye rafu chini ya maji. Mfereji wa Shropshire Union ndio unaosifika kwa hilo. Ukuta unaonekana umenyooka, pete zipo, panavutia, lakini chini ya uso wa maji kuna ngazi ya zege au mawe inayotokeza. Boti haifiki ukingoni, inaegemea rafu. Kila chombo kikipita, unasikia "gudu, gudu" chini ya kitanda. Chuma kinavumilia. Faiba inaumia.

Dawa yake wenyeji wa mfereji huo wanaijua: gurudumu dogo la toroli, limelazwa kati ya boti na ukuta, chini kidogo ya uso wa maji. Dafrao za kawaida (vile vizuizi vinavyoning'inizwa ubavuni) zinapanda juu na kuacha ubavu wazi, gurudumu linabaki lilipo. Vilevile, sehemu zilizowekwa rasmi kwa wageni kwenye mfereji huo zina afadhali ya rafu kuliko ukingo wa katikati ya mashamba.

MzeeWaMalango

Ngoja niseme la siku 14, maana naona kila uzi watu wanalichanganya.

Sheria ya British Waterways ya 1995 haisemi una haki ya siku 14 popote upendapo. Inasema boti isiyo na kituo chake cha kudumu lazima itumike kwa safari ya kweli katika muda wote wa leseni, na isikae mfululizo mahali pamoja zaidi ya siku 14, au zaidi ya hapo kama kuna sababu ya maana. Boti ikiharibika au mtu akiugua, hiyo ni sababu, lakini wajulishe mapema. Kibao cha saa 48 nacho ni saa 48. Huwezi kusimama chini yake ukataja siku 14.

Kigingi

Mzee, hapo kwenye "mahali pamoja" ndipo ugomvi ulipo. Sheria haikutaja ni umbali gani unaofanya mahali kuwa pengine. Nimewaona wanaosogea mita 200 na kuanza kuhesabu upya.

MzeeWaMalango

Ndiyo, haikutaja. Na ndiyo maana wanaosogea mita 200 wanaishia kuandikiwa barua. Maneno ya sheria ni safari ya kweli, si kuhamisha kamba. Lakini kwa msafiri wa wiki mbili kama wengi humu, mjadala huu haumhusu. Yeye kila siku anasogea. Kinachomhusu ni asifunge kwenye kigati cha lango, na azime injini na jenereta kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi, maana hilo limo kwenye masharti ya leseni. Mwenye mapazia yaliyofungwa jirani yako atakukumbusha kwa sauti.

Bi Upondo

Na awasogelee wenzake! Hili linaniudhi. Mtu ana boti ya mita 6, anakuta ukingo wa mita 24, anafunga katikati kabisa. Ameacha mita 9 kila upande, hakuna boti ya kawaida inayoingia. Funga mwisho mmoja wa nafasi, karibu na jirani, acha pengo moja la maana. Na wewe ukikuta mapengo mawili madogo kila upande wa boti, hakuna ubaya kugonga na kuuliza, "Samahani, unaweza kusogea kidogo?" Wengi wanakubali, hata wanakushikia kamba.

Mwendopole

Naunga mkono mia kwa mia. Na hilo ndilo linalonifanya nisiwe mpenzi wa kuweka nafasi marinani, yaani bandari ya boti za starehe, kila usiku, kama wengine wanavyoshauri. Marina ina umeme, maji na bafu, sikatai, na mara moja baada ya siku kadhaa ni vizuri. Lakini ukishaweka nafasi, safari inakuwa ya kukimbizana na saa: mvua inanyesha, lango lina foleni, na wewe lazima ufike. Ningependelea kuwa na nafasi ya kwanza kichwani, ya pili ikiwa imejaa, na ya tatu iliyo mbali na kila kitu, shambani, ambayo haikosi kamwe.

Ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Boti zinajazana kwenye vijiji na madaraja kwa sababu ya huduma. Nusu saa kabla au baada ya kijiji, ukingo uko wazi.

Pwani ya Ndani

Naongeza kuhusu kutafuta ukiwa bado nyumbani. Fungua picha za setilaiti, fuata mfereji kwa kidole. Ukiona boti zimefungwa mfululizo mashambani, hapo kina kipo na ukingo unashika. Palipo na kivuli cha miti pande zote mbili, tarajia matawi yaliyozama na majani yanayonasa kwenye pangaboi. Halafu angalia nini kimeambatana na mfereji. Mfereji wa Grand Union pale Watford Gap umebanana na reli kuu ya kaskazini na barabara ya M1. Mchana hutajali, usiku treni za mizigo zitakufanya ujali.

Epuka pia vipande vifupi vya maji kati ya lango na lango. Milango ikivuja usiku, kipande kifupi kinashuka haraka kuliko kirefu. Umelala boti ikielea, unaamka imepwelewa na imeegemea upande mmoja. Kama huna budi, legeza kamba kidogo na ufunge upande wenye kina.

MgeniMajini

Je, mfereji wa Llangollen kule Wales? Tunataka kwenda kwenye lile daraja la maji linalovusha boti juu ya bonde.

Ngamani

Pontcysyllte. Kazi ya Thomas Telford na William Jessop, lilikamilika 1805, urefu mita 307, juu ya bonde mita 38. UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Sasa fikiria kila mwenye boti naye anataka kwenda huko huko mwezi wa Agosti.

Mambo mawili. Mfereji huo una mkondo, kwa sababu unapeleka maji ya mto Dee hadi kwenye bwawa la Hurleston. Ukienda Llangollen unapanda mkondo, mwendo unapungua, kwa hiyo usipange saa kama za mfereji mwingine. Halafu kipande cha mwisho, kutoka Trevor hadi Llangollen, kina sehemu zinazopitisha boti moja tu. Watu hutuma mtu atangulie kwa miguu kuangalia. Hizo si sehemu za kusimama hata kidogo. Ukiona umechelewa, lala kabla ya kuvuka, ingia asubuhi mapema wakati waliolala Llangollen bado hawajaanza kutoka.

Pwani ya Ndani

Na London ni habari nyingine. Regent's Canal, uliofunguliwa 1820, umejaa kiasi kwamba boti zinafungwa mbili mbili, ya pili ikishikilia ya kwanza. Mahali panaporuhusu hivyo, gonga uombe. Ukikubaliwa, vuka kwa mwenzako kupitia omo, siyo kupitia mlango wake wa nyuma, na uulize anaondoka saa ngapi. Kama unataka uhakika, zipo nafasi za kuagiza mapema, mfano Rembrandt Gardens pale Little Venice. London ndipo mahali pekee ambapo ninamshauri msafiri aagize mapema.

Nahodha wa Mkopo

Salamu kutoka upande wa Ufaransa. Mliyosema mengi yanatumika, ila kuna tofauti ya vipimo. Mwaka 1879 Waziri Freycinet aliweka kipimo cha malango kwa boti za mizigo za takriban mita 38. Kwa hiyo kwenye gati za zamani nguzo za kufungia zimepangwa kwa ajili ya hizo. Boti yako ya mita 7 inafika nguzo moja tu. Beba kamba ndefu, mbili za mita 15 na zaidi, la sivyo utabaki unaitazama nguzo ya pili kwa mbali.

Canal du Midi, kazi ya Pierre-Paul Riquet, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681, ni kama kilometa 240 na kingo zake nyingi ni za udongo wenye mteremko na mizizi. Omo ielekee ukingoni, upime tezi. Na tafadhali, usifunge kamba kwenye mti. Tangu 2006 miti ile mikubwa ya kivuli, Wafaransa wanaiita platane, inakufa kwa ugonjwa wa kuvu unaoingilia kwenye majeraha ya gome, na maelfu imekatwa. Kamba inayosugua ni jeraha. Tumia vigingi.

Malango ya huko hufungwa wakati wa chakula cha mchana na jioni. Waliokwama mbele ya lango wote wanatafuta pa kufunga kwa pamoja. Ukiona hutaliwahi, simama mapema kilometa moja nyuma yake.

Bi Upondo

Kwenye mifereji mikubwa inayopitisha mizigo, je? Mimi naogopa.

Nahodha wa Mkopo

Na una haki, dada. Meli ya mizigo ikipita, maji yanakimbia ukingoni kisha yanarudi kwa nguvu, na boti ndogo inaweza kukata kamba. Hapo usilale kwenye ukingo wazi. Ingia kwenye bandari ya boti za starehe, au mkono wa pembeni usiopitisha mizigo.

Kanali ya Tano

Uholanzi, jimbo la Friesland: kuna mamia ya vigati vya shirika la Marrekrite, vingine kwenye visiwa ambavyo huvifikii kwa gari. Kufunga ni bure, mwisho siku tatu mfululizo. Wanaojali hununua kile kibendera chao kila mwaka kuchangia matunzo. Kwa boti ndogo sijaona mpango bora kuliko huo. Angalia tu upepo: maziwa ya huko ni mapana, chagua upande wa kigati ambao upepo unakusukuma kutoka, siyo unaokubamiza.

MgeniMajini

Shukrani sana wakubwa. Swali la mwisho: njia yetu ina kipande cha Thames. Nifunge vile vile?

MzeeWaMalango

Hapana. Mto si mfereji. Fika ukiwa umeelekeza omo juu ya mto, mkondo ukusaidie kusimama, na funga kamba ya omo kwanza. Ukifunga tezi kwanza, mkondo utakuzungusha. Acha kamba ziwe na nafasi ya kupanda na kushuka, maana mvua ikinyesha juu maji yanaongezeka usiku. Kwenye malango soma vibao: vya njano vinakwambia mkondo unaongezeka au unapungua, vyekundu vinasema mkondo ni mkali, na hapo boti zote zinashauriwa zibaki zilipo. Kuanzia Teddington kushuka chini, maji yanajaa na kupwa. Huko usifunge ukingoni kabisa.

Mnaingilia Thames kutoka wapi, Oxford au Brentford? Ukiniambia nitakuelekeza lango la kwanza la kuulizia. Walinzi wa malango ya Thames wanajua nafasi zilizobaki mbele kuliko ramani yoyote.

MgeniMajini

Oxford, mzee.

MzeeWaMalango

Afadhali. Basi ukitoka kwenye mfereji pale mjini utaingilia karibu na lango la Osney. Simama kwa mlinzi, mwambie urefu wa boti na unakwenda juu au chini. Atakwambia.